UKURASA WA VIJANA NA MASOMO: Nyumbani pointi 315, siku yenyewe 306

Barua ya mwezi huu imetoka Kolwezi. Tunaijibu hapa mbele ya wote, bila jina la mwenye kuandika, kwa sababu mambo yake tunayasikia pia Likasi na Fungurume, na kwa vijana wa Lubumbashi wenye wanatafuta kuendelea na masomo inje ya inchi. Wazazi, musiruke ukurasa huu. Kuko fasi yenu mbele kidogo.

Kijana wetu, ulimaliza jeolojia. Unataka kufanya masomo ya juu zaidi kule Marekani, na iniversite zenye ulichagua zinaomba mutihani wenye kuitwa GRE. Unaandika hivi: nyumbani, kwa mazoezi, ulipata pointi 315. Siku yenyewe ukapata 306. Unauliza pointi 9 zimeenda wapi. Kisha, ku mwisho wa barua, mwandiko wako unakuwa mudogo sana. Baba mukubwa, mwenye ulimuambia peke yake, anasema kuko mutu mu jamaa amekufunga. Na tangu siku ile watu wa nyumba wanamuangalia vibaya kambo mwanamuke, mwenye analala chumba cha nyuma. Mama, mwenye alichangisha feza ya mutihani, hajui bado kitu. Umemuambia matokeo hayajatoka.

Tutaanza na hesabu. Hesabu hii itamusaidia hata kambo.

Kwanza, kwa wasomaji wenye hawajasikia: GRE ni mutihani wa kuingia masomo ya kisha diploma ya kwanza ya iniversite. Ulianza Marekani katika miaka ya 1930, na leo unatengenezwa na shirika ETS, lenye lilianzishwa mwaka 1947. Hakuna jeolojia ndani yake, wala mambo ya uganga ao ya sheria. Ni Kiingereza, hesabu, na insha moja ya kuandika. Tangu mwaka 2011, lugha inapimwa kutoka 130 paka 170, na hesabu vilevile kutoka 130 paka 170. Tunarudilia: kutoka 130, si kutoka zero. Sisi tumezoea pursantaji. Ku Exetat mutoto anakuja na 58%, majirani wanamumwangia poda ku kichwa, habari imeisha. Hapa usichukue 306 ukaigawanya kwa 340, utajidanganya. Mutu mwenye amekosa maswali yote anaandikiwa 130 na 130, yaani 260. Njia yote ya kupanda ni hatua 80 tu, kutoka 260 paka 340.

Na wewe uko wapi ku njia hiyo? Ulipata 148 kwa lugha na 158 kwa hesabu. Moyene ya watu wote wenye kufanya mutihani huu, toka inchi zote, ni karibu 151 kwa lugha na karibu 157 ao 158 kwa hesabu. Kwa hesabu, basi, uko katikati ya watu wenye wamekwisha kumaliza iniversite na wenye kutafuta nyingine. Kwa Kiingereza uko chini kidogo ya katikati, na Kiingereza kwako ni lugha ya ine, kisha ya kwenu kwa mama, Kiswahili na Kifaransa. Hatukuambii hivi ili kukupakaa mafuta. Tunakuambia ili ujue namba yako ni kitu gani, mbele ya kuilinganisha na namba ingine.

Sasa ile 315.

Ninyi watu wa Kolwezi munajua jambo hili kutupita. Mutu anachimba, anapandisha mifuko kumi. Mbele ya kuipeleka ku depo anachagua jiwe moja, lile lenye kijani kizuri cha malakiti, analipeleka kupima. Mashini inaonyesha tenere ya juu. Anarudi nyumbani, anapiga hesabu ya mifuko yote kumi kwa tenere ile, anaahidi mutoto viatu, anaahidi mwenye nyumba miezi miwili. Kisha ku depo wanachanganya mifuko, wanapima, tenere inashuka. Anapiga kelele kama ameibiwa. Na kweli, wakati mwingine ameibiwa. Wachimbaji wanajua sana mashini zenye kusema uongo. Lakini hata na mashini ya haki, mifuko kumi haiwezi kutoa tenere ya jiwe lenye ulichagua kwa macho yako.

Tunakushukuru kwa sababu nyuma ya barua uliandika namba zote sita za mazoezi, pamoja na siku zake. Wengi hawaandiki hivyo, wanaandika ile moja ya kupendeza. Tulizipanga hapa mbele ya macho ya wote. Mara ya kwanza: lugha 147, hesabu 157, jumla 304. Ya pili: 152 na 160, jumla 312. Ya tatu: 149 na 158, jumla 307. Ya ine: 148 na 163, jumla 311. Ya tano: 150 na 159, jumla 309. Ya sita: 148 na 161, tena 309.

Tafuta 315 humu ndani. Hutaiona! Ulichukua 152 ya lugha toka siku ya pili, ukachukua 163 ya hesabu toka siku ya ine, ukaziunganisha. Ni mawe mawili mazuri toka mashimo mawili. Hakuna hata siku moja ulipata 315, hata nyumbani, hata na chai pembeni.

Tena kuko jambo ulisema wewe mwenyewe, pengine bila kuona uzito wake: mutihani wa ine ulikuwa ule ule wa kwanza, wenye ulirudilia kisha majuma matatu. Toka 304 ukapanda paka 311. Sehemu ya kupanda ile ni kujifunza, hatukatai. Sehemu ingine ni kukumbuka. Bongo la mutu halisahau swali lenye lilimutesa. Hata kama hukumbuki jibu, unakumbuka njia ilikuwa wapi. Tuutoe basi ule wa ine. Mitihani mitano inabaki, moyene yake ni 308. Na ile miwili ya mwisho, yenye ulifanya ku ordinatere, ile ya bure ya ETS wenyewe, yote miwili ni 309.

Kwa hiyo hukuanguka pointi 9. Ulitoka 308 ao 309, ukafika 306. Ni pointi 2 ao 3.

Sasa zile 2 ao 3 zimeenda wapi? Pengine hazikuenda fasi yoyote. Pima mufuko mumoja wa unga mara tatu ku mizani ya soko, sindano haisimami fasi moja. Mutihani nao ni mizani. ETS wenyewe wanaandika ku vitabu vyao kama kila sehemu inaweza kuyumba pointi 2 na kidogo, juu ao chini, bila mutu kuwa amebadilika ku akili. Ukiunganisha lugha na hesabu, kuyumba kwa jumla kunafika karibu 3. Siku moja maneno yenye unajua yanakutana na maswali, siku ingine yanakosana. Na tangu mwezi wa 9 mwaka 2023 mutihani umefupishwa: zamani ulikuwa karibu saa ine kasoro robo, leo ni saa mbili kasoro dakika 2. Kwa lugha maswali 27, kwa hesabu maswali 27, badala ya 40 na 40. Watu wamefurahi juu ya kufupishwa huko. Sisi tunasema furaha iwe ya kiasi: maswali yakiwa machache, kila moja linakuwa na uzito zaidi, na bahati nayo inapata kiti chake.

Mpaka hapa tunazungumuza na wewe wa Kolwezi. Lakini kuko vijana wengine wenye hesabu yao haiishi vizuri hivi. Wanachukua moyene yao ya haki, si jiwe la kuchagua, na hata hivyo siku yenyewe wanashuka pointi 8, 10. Kwa hao mizani haiyumbi hivyo. Kuko kitu. Na mara nyingi kitu hicho ni hiki: ile yenye walifanya nyumbani haikuwa mutihani.

Tutumie barua yako tena, kwa sababu ndani kuko mifano. Mitihani yako ine ya kwanza ilitoka ku kitabu cha mwaka 2019, ulifanya kwa karatasi. Kitabu ni kizuri, lakini karatasi haikuangalii. GRE ya ordinatere inakuangalia: hesabu ina vipande viwili, lugha vilevile, na kipande cha pili kinachaguliwa kufuatana na vile ulifanya kipande cha kwanza. Ukifanya vizuri, cha pili kinakuwa kigumu zaidi na kinafungua mulango wa pointi za juu. Ukiharibu cha kwanza, cha pili kinakuwa rahisi, unatoka ukichekelea, na kumbe mulango wa juu ulikwisha kufungwa. Kitabu cha karatasi hakiwezi kufanya hivyo. Ndiyo maana mutu anatoka mutihani akisema «ilikuwa rahisi», kisha matokeo yanamupiga.

Jambo lingine, dogo, na sisi tunaliona ni kubwa. Ulifanya mutihani Lubumbashi, ndani ya chumba cha ndugu yako, na mulinzi akikuangalia kupitia kamera ya ordinatere. Mutihani wa namna hii, wa kufanya nyumbani, ulianza mwaka 2020 wakati wa Korona. Una sheria zake: uwe peke yako, mulango ufungwe, mutu yeyote asiingie. Na karatasi ya kawaida haikubaliwi! Unapiga hesabu ku kibao cheupe kidogo, ao ku karatasi yenye kuingizwa ndani ya plastiki, na kalamu ya kufutika. Wewe miezi mine ulipiga hesabu na kalamu ya bic ku daftari ya miraba. Kisha, siku yenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, unaandika ku plastiki, inajaa kisha maswali matatu, unafuta, na unafuta hata kile chenye ulikuwa bado na haja nacho. Umeandika mwenyewe: «nilifuta fraksio, nikaanza tena». Hapo hakuna siri yoyote. Kununua kalamu ile na plastiki mbele ya wakati, ukafanya nayo mazoezi mwezi muzima, ni feza kidogo kuliko sahani ya bukari na samaki.

Na lile swali la tatu. Unasema lilikushika, na ulipoangalia saa dakika 6 zilikuwa zimekwisha. Kipande cha kwanza cha hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21. Kila swali halina hata dakika mbili. Dakika 6 kwa swali moja ni kula chakula cha wengine watatu. Nyumbani ulikuwa unafanyaje? Unajibu wewe mwenyewe: «nyumbani nilikuwa nasimamisha saa kidogo». Basi, njo hapo. Yule mwenye kusimamisha saa nyumbani hajifunzi kuacha swali. Na GRE inakubali kuacha: unaweka alama, unaenda mbele, unarudi kama wakati ungali, ndani ya kipande kile kile. Jibu baya halikatwi pointi, kwa hiyo usiache hata swali moja bila jibu. Mutu mwenye alikufundisha kubishana na swali paka lishindwe alikufundisha tabia nzuri ya kazi ya jeolojia. Ku mutihani huu tabia ile inakula dakika.

Kuko pia safari. Toka Kolwezi paka Lubumbashi ni karibu kilometre 300. Ulifika jioni na vumbi, ndugu walikupokea kwa furaha, mukazungumuza paka usiku sana, kwa sababu heshima ya mugeni ni hiyo. Hatusemi uwakimbie ndugu. Tunasema ufike siku mbili mbele, mazungumuzo yaishe siku ya kwanza.

Tukuje ku woga. Watu wengi wangeanza hapo; sisi tumeuweka nyuma kwa makusudi, kwa kuwa mutu akishuka pointi wote wanasema «ni woga» na hakuna mwenye kutazama kalamu na saa. Lakini woga uko. Bongo lina meza ndogo ya kuweka namba wakati wa kupiga hesabu. Mutu mwenye wasiwasi anaweka ku meza ile ile feza ya mama, maneno ya baba mukubwa, sura ya wenzake wa kilasi. Namba zinakosa fasi. Mwaka 2011 wachunguzi wawili wa Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, waliandika ku gazeti Science kama wanafunzi wenye kuandika wasiwasi wao ku karatasi kwa dakika kumi mbele ya mutihani walipata vizuri zaidi. Ilikuwa habari tamu, ilienea dunia nzima, na waalimu wengi wangali wanaifundisha. Mwaka 2018 wachunguzi wengine walirudilia jaribio lile na watu wengi zaidi, hawakuona faida ile. Kwa hiyo, kama kuandika kunakutuliza, andika. Karatasi haina hasara. Lakini musitafute dawa ya dakika kumi. Woga unapungua zaidi wakati mambo ya siku yenyewe hayana kitu kipya: saa ile ile, kiti cha namna ile ile, plastiki ile ile, na umekwisha kufanya hivyo mara tatu ao ine.

Sasa unauliza kama urudilie mutihani. Sheria inaruhusu: kisha siku 21 unaweza kufanya tena, na mara tano ndani ya miezi 12. Unapotuma pointi ku iniversite unachagua mutihani gani utume, hawaoni ule wenye hutaki. Pointi zinaishi miaka mitano. Kwa upande wa sheria, mulango wazi. Kwa upande wa mufuko wa mama, ni jambo lingine. Mwaka 2024 bei ilikuwa dola 220. Ongeza bisi ya kwenda na kurudi. Kuko nyumba, hapo Kolwezi, mwenye feza ile inalipa minerval ya watoto wawili.

Tunakuomba, mbele ya kulipa tena, uandikie kila iniversite, kwa Kiingereza chako chenye uko nacho, uulize maswali mawili: munaomba GRE kweli? Na kama munaiomba, wenye mulikubali mwaka uliopita walikuwa na pointi gani kwa hesabu? Tangu mwaka 2020 iniversite nyingi za Marekani zimeacha kulazimisha mutihani huu kwa masomo mengi. Zingine zinasema «kama unapenda tu». Ku intaneti unakuta kurasa za zamani zenye kusema lazima, kumbe si lazima tena. Barua haina bei. Pengine 158 yako ya hesabu inatosha, na kitu chenye kinakosekana ni barua nzuri ya profesere wako na maelezo ya kazi yenye ulifanya ku shimo. Na usisahau kwamba Ubelgiji na Ufaransa kwa kawaida hawaombi GRE, wanaangalia dosye.

Kama jibu ni kwamba wanahitaji, tuseme, 161 kwa hesabu, basi fanya hivi. Usijiandikishe kwanza. Fanya mitihani mitatu ya ordinatere yenye hujawahi kuona, kwa saa ya mutihani, bila kusimamisha, na kibao ao plastiki. Andika zote tatu. Chukua moyene, si ya juu. Ikifika 161 ao inaipita, lipa. Ikibaki 159, dola 220 zitakununulia 159 ingine, ao kama bahati iko upande wako 161, ao kama haiko 157. Kuongeza pointi za haki inaomba miezi ya kusoma, hasa Kiingereza: maneno ya lugha ile hayaingii kwa majuma matatu. Umeme ukikatika, na kwetu unakatika, soma kitabu na taa. Ordinatere uiwekee mitihani ile mitatu.

Wazazi, na hasa wewe baba mukubwa kama gazeti hili linakufikia: tumekuja fasi yenu.

Kijana anatuandikia kwamba ulitumika miaka mingi ku laboratware ya kampani, ukipima mawe. Basi wewe njo mutu wa kwanza mwenye kuelewa ukurasa huu. Ni mara ngapi uliona mutu ameleta eshantiyo ya kuchagua, kisha akashangaa juu ya tenere ya gari nzima? Ulimuambia amefungwa? Ulimuambia achanganye mawe, akate mufuko fasi nyingi, alete tena. Sasa mutoto wa ndugu yako amekuletea 315, na 315 ile haikuwako. Tumeitafuta pamoja mu namba zake sita, hatukuiona. Kitu chenye kinabaki bila kufasiriwa ni pointi 2 ao 3, na mizani yenyewe inayumba hivyo. Hakuna fasi imebaki ya kumuweka kambo.

Tunasema jambo hili kwa sauti kwa sababu tunajua namna linakwendaka. Linaanza na neno moja jioni, kisha sahani ya muzee inatengwa, kisha watoto wanakatazwa kuingia chumba cha nyuma, kisha siku moja muzee anafungiwa mizigo. Kwa sababu ya mutihani. Jamaa zetu zimekwisha kuona hivyo kwa sababu ya ugonjwa na kwa sababu ya kazi yenye kuisha. Tusiongeze na GRE. Ulilitoa neno lile wewe, baba mukubwa, na wewe njo unaweza kulirudisha. Kijana hawezi. Akisema yeye, watasema kambo amekwisha kumushika ulimi. Ukisema wewe, na karatasi ya namba mu mukono, nyumba itasikia. Kisha ingia chumba cha nyuma ukae na yeye, kula na yeye, watoto waone.

Na kwa wazazi wengine: mutoto akiwaambia «nyumbani napata 315», muulize «mara ngapi?» Si kwa mazarau. Kama munavyomuuliza mutu wa depo.

Kijana wetu, inabaki mama. Unasema unangoja kufanya mara ya pili, upate nzuri, kisha umuambie zote mbili pamoja. Tunaelewa, lakini hapana. Feza ya mara ya pili itatoka wapi kama si kwake? Utamuomba dola 220 ingine kwa mutihani wenye, kwake yeye, matokeo hayajatoka? Na baba mukubwa anajua, kwa hiyo jirani atajua, na mama atasikia toka ku bomba ya maji. Umuambie wewe, leo jioni, kisha chakula. Usimuambie «nimeanguka», kwa kuwa GRE haina kupita wala kuanguka. Fungua telefoni, umuonyeshe 148 na 158, umufasirie kama namba inaanza ku 130. Atauliza kama ni nzuri ao mubaya. Muambie: kwa hesabu ni katikati ya watu wa inchi zote, kwa Kiingereza chini kidogo, na umekwisha kuandikia iniversite kuuliza kama inatosha.

Lakini hapo lazima uwe umeziandikia kweli. Fanya hiyo kwanza, mchana, umeme ungalipo.